Boksi Kwanza, Chakula Baadaye: Maswali Yenu Kuhusu Ndege wa Porini Walioumia

Barua za safari hii nyingi zimetoka Lamu na Malindi, na karibu zote zinauliza jambo moja: ndege yuko mkononi, amelegea, nimpe nini ale? Tutazijibu moja moja, lakini liko neno linalowahusu wote. Ndege aliyeumia hafi kwa njaa saa ile ya kwanza. Hufa kwa mshtuko, kwa kushikwa vibaya, kwa joto, au kwa maji aliyomiminiwa mdomoni yakaingia mapafuni. Dawa ya saa hiyo ni giza na utulivu, na vyote viwili mnavyo nyumbani.

Paka wa mtaa ameingia uani na njiwa mdogo mdomoni, nikamnyang'anya. Ni wa rangi ya majivu na udongo, mbawani ana madoa ya kijani yanayong'aa. Sioni jeraha, ila manyoya machache yametoka. Nimwachie aende zake? – Msomaji wa Langoni, Lamu

Usimwachie, dada. Kwa maelezo yako huyo ni pugi, na kutoonekana jeraha kusikupe moyo. Jino la paka ni jembamba. Linapochomoka, ngozi hujifunga na manyoya hufunika tundu. Ndani kumebaki bakteria wa mate ya paka, hasa yule aitwaye Pasteurella, na kwa ndege mdogo huyo ni sumu ya damu. Jioni utamwona amesimama na macho yake mawili, keshokutwa utamwokota amekufa, na utadhani ni kihoro. Ndege yeyote aliyepita kinywani mwa paka anahitaji antibiotiki, na ianze ndani ya saa 24. Kadiri inavyowahi ndivyo bora.

Dawa aitoe daktari wa mifugo. Usifungue kidonge cha watu ukakisia, maana pugi ana gramu 60 hivi na chozi ana kama gramu 8. Punje unayoiona ndogo ni kipimo cha mtu mzima kwake. Daktari aliyezoea punda na mbuzi huenda hajawahi kumpimia dawa ndege wa namna hii, basi msaidie kwa kumpelekea uzito kamili. Weka boksi tupu kwenye mizani ya jikoni ya kidijitali, soma, kisha mtie ndege usome tena. Mwambie pia kwamba ni paka, na saa ngapi. Wengi huanza na amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, lakini kiasi ni yeye wa kukiamua.

Wakati unamtafuta daktari, mtu mwingine amshughulikie ndege. Mtupie kanga au shuka nyepesi mwili mzima pamoja na kichwa, maana asipoona hutulia. Weka viganja juu ya mabawa yakiwa yamekunjwa, umwinue. Usimbane kifua hata kidogo. Ndege hana kiwambo cha kupumulia kama chetu. Hupumua kwa kuupandisha na kuushusha mfupa wa kidari. Ukibana kidari umemkata pumzi, hata kama pua na mdomo viko wazi. Watoto huua ndege wengi namna hii, tena kwa mapenzi.

Boksi liwe la katoni, si kizimba cha waya. Waya hukata manyoya ya mabawa na mkia, na ndege aliyepona mfupa akakosa manyoya ya kurukia bado hana maisha porini. Ukubwa uwe wa kumwezesha kugeuka, usiwe wa kumwezesha kupiga mabawa. Kwa pugi boksi la viatu linatosha. Toboa matundu kumi hivi yenye upana wa penseli kabla hujamtia, na uyatoboe kutoka ndani kwenda nje ili ncha za katoni zisimkwaruze. Tandika kipande cha fulana kuukuu. Taulo lenye vitanzi hunasa kucha, na gazeti tupu huteleza mpaka miguu ikatanuka.

Joto la pwani ndilo linalowapoteza wengi. Vitabu vya nchi za baridi husema ndege aliyeumia apashwe moto mpaka nyuzijoto 30. Lamu wakati wa kaskazi chumba chenyewe kimeshafika huko. Mweke chini, kwenye chumba cha kuta nene za mawe, si chini ya mabati. Akihema mdomo wazi huku ameyaachia mabawa mbali na mwili, joto limemzidi: msogeze penye hewa. Usiku wa kusi, mvua ikiwa imenyesha na manyoya yake yamelowa, hapo ndipo inapofaa chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, iwekwe upande mmoja tu wa boksi ili aweze kuikimbia.

Maji usimtie mdomoni. Tundu la pumzi la ndege liko nyuma tu ya ulimi, na tone moja la sirinji linatosha kuingia njia isiyo yake. Akishasimama vizuri, mwekee maji kwenye kifuniko cha chupa, anywe mwenyewe.

Ukitaka kutafuta jeraha, puliza manyoya polepole yafunguke, uangalie chini ya mabawa, mgongoni na karibu na mkia, kwani paka hushika nyuma. Penye tundu osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi. Usipake mafuta wala jeli ya aina yoyote. Manyoya yakilowa mafuta hayazuii tena maji wala baridi.

Ndege mweusi mwenye mabawa marefu yaliyopinda ameanguka barazani. Miguu yake ni kama haipo kabisa. Imevunjika? – Mkomani, Lamu

Haijavunjika, ndivyo alivyoumbwa. Watu humwita mbayuwayu, ila huyu si yule anayejipanga kwenye nyaya za umeme. Huyu hatui juu ya waya wala tawi. Miguu yake ni ya kung'ang'ania ukuta au kuti la mnazi tu, na akianguka mahali tambarare mara nyingi hushindwa kupaa.

Kagua kwanza: mabawa yanakaa sawasawa pande zote, hakuna damu, macho yako wazi. Kama ni hivyo, nenda penye uwazi, simama juu ya mchanga laini au majani, umweke juu ya kiganja kilichonyooka, mkono juu, akielekea upepo. Atatetemeka kidogo akipasha misuli, kisha ataondoka. Huenda ikachukua dakika kadhaa. Usimrushe juu, maana asipokuwa tayari ataanguka kama jiwe. Ukimpata magharibi, mlaze kwenye boksi lililoning'inizwa kitambaa ubavuni ili ang'ang'anie, umwachie asubuhi.

Mimi ni mwangalizi wa nyumba huku Casuarina, Malindi. Mara kwa mara asubuhi naokota vindege chini ya kioo cha sebule. Cha leo kina mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa na mdomo mwekundu mrefu. Mwenzangu anasema ni chozi.

Si chozi. Mdomo wa chozi ni mwembamba na umepinda, wa kunyonyea maua. Mdomo ulionyooka, mnene, mwekundu, juu ya mwili unaojaa kwenye kiganja, ni wa mdiria mdogo. Sasa wako wawili wanaofanana. Mtazame shavuni: akiwa na rangi ya zambarau nyuma ya jicho, na mstari wa chungwa juu ya jicho, huyo ni mdiria wa vichakani, alaye wadudu, wala hana haja ya mto. Mwenzake wa majini ana kishungi cha buluu-kijani kinachoshuka mpaka karibu na jicho, na hukaa penye vidimbwi na mito. Tofauti hiyo ina maana kwenye chakula pia, kwani wa kwanza ukimpa samaki hatamgusa.

Mdiria wa vichakani husafiri usiku, na taa ya ndani humvuta moja kwa moja kwenye kioo. Ndiyo maana unawakuta asubuhi. Ubongo wake umetikisika, na tiba ni boksi lenye giza kwa saa moja hadi mbili, bila chakula, bila maji, bila kufunuliwa kila baada ya dakika kumi. Kila unapofungua kifuniko, moyo wake unaanza upya kwenda mbio. Muda ukitimia, lipeleke boksi karibu na kichaka mchana, lifungue, urudi nyuma. Akiruka, kazi imekwisha. Akibaki, funga, umpe saa mbili nyingine.

Mpeleke kwa daktari ukiona damu mdomoni, mboni za macho zisizolingana, kichwa kilichopinda upande, au akishindwa kusimama baada ya saa nne. Panadol usimpe, wala dawa nyingine yoyote ya maumivu ya watu.

Lililo kubwa katika barua yako ni hiyo "mara kwa mara". Kioo hicho kitaendelea kuua mpaka kirekebishwe. Zima taa za sebule usiku au funga mapazia. Mchana, ndege huona miti kwenye kioo akadhani ni njia, kwa hiyo alama ziwe upande wa nje: nukta za rangi nyeupe au vipande vya selotepu, zikiachana sentimita 5 kila upande, kioo kizima. Ile picha moja ya mwewe inayobandikwa katikati haisaidii; ndege huikwepa picha akagonga pembeni yake. Wavu wa mbu uliokazwa nje, mbali kidogo na kioo, hufanya kazi nzuri kuliko vyote na ni rahisi.

Shakwe amenasa kwenye mshipi wangu, ndoana imemwingia penye pembe ya mdomo. Safari nyingine nilikata mshipi nikamwachia. Nilifanya sawa? – Mvuvi wa Mambrui

Ndugu mvuvi, kukata mshipi karibu na boti na kumwachia ni kumpa kifo cha polepole. Anaondoka na mita kadhaa za nailoni. Siku ya pili unamzunguka mguu, siku ya tatu umenasa kwenye mkoko, na hapo ananing'inia mpaka afe. Mvute taratibu, mfunike kwa fulana, mwambie mwenzako amshike mabawa na awe anakijua mdomo ulipo. Usimfunge mdomo kwa kamba, kwa sababu akitapika samaki atapaliwa.

Ndoana ikiwa imeingia nyamani na unaiona, usiirudishe ilikotoka. Kile kijino cha pembeni kitachana nyama. Isukume mbele mpaka ncha na kijino vitokeze upande wa pili, kata ncha hiyo kwa koleo, kisha irudishe nyuma sehemu iliyobaki, itatoka laini. Osha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa tuliyoyataja juu. Mkague mabawa na miguu yote miwili uone kama kuna nailoni kuukuu iliyozama kwenye ngozi. Hiyo ikatwe kwa mkasi mdogo, kipande kwa kipande, wala isivutwe.

Ndoana ikiwa imemezwa na unaona mshipi tu ukitoka kooni, hapo simama. Usivute hata kidogo. Acha mshipi urefu wa kiganja ubaki nje, ufunge kwenye kijiti ili usiingie wote ndani, umpeleke. Daktari anauhitaji mshipi huo ili aifuate ndoana. Shakwe na membe wanaweza kukaa siku nzima bila kula, kwa hiyo hakuna cha kumlazimisha samaki kinywani mwenye ndoana tumboni.

Shughuli hii huenda vizuri zaidi penye koleo kuliko penye huruma peke yake. Liwekeni moja ndani ya mashua.

Mwanangu ameokota yangeyange, bawa moja linaburuta chini. Jirani anasema tulifunge kwa vijiti viwili kama mfupa wa mtu. – Maweni, Malindi

Vijiti hapana, mama. Kwanza mtoto akae mbali na uso wa ndege. Yangeyange, na jamii yote ya korongo, wakiogopa hudunga macho, na shingo hufika mbali kuliko inavyodhaniwa. Anayemshika avae miwani yoyote na amshike kichwa, nyuma ya taya, kabla ya kitu kingine.

Bawa linaloburuta si lazima liwe limevunjika. Huenda ni bega lililoteguka au pigo tu. Nyumbani huwezi kutofautisha kwa yakini, na kupapasa kunaumiza. Kazi yako ni kulizuia lisicheze mpaka afike kwa daktari. Likunje bawa kama lilivyo lile zima. Chukua utepe wa pamba wa upana wa sentimita 3 au 4, uupitishe juu ya bawa bovu, uzungushe mwili kwa kupita chini ya bawa zima, ili zima libaki huru na kumsaidia kujisawazisha. Funga kwa selotepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, kwa kuwa haing'oi manyoya. Plasta usitumie. Kidole chako kidogo lazima kipite chini ya utepe. Kisipopita, umembana kidari, na tumeshaeleza matokeo yake. Kwa ndege wadogo kama jurawa na chozi usifunge chochote, boksi dogo lenye giza linatosha kumtuliza.

Akiwa na jeraha wazi kwenye mfupa wa juu, ule unaoungana na bega, usimimine maji. Mfupa huo kwa ndege wengi una uwazi ndani, nao umeungana na vifuko vya hewa; maji yakiingia pale ni sawa na kumzamisha. Funika kwa shashi yenye unyevu, basi. Ngozi ikigeuka kijani siku ya pili au ya tatu, msishtuke. Kwa ndege hiyo ni rangi ya damu iliyovilia, si kuoza.

Msimkalishe nayo bendeji nyumbani "mpaka apone". Mfupa wa ndege huunga upesi, wiki mbili hadi tatu, na ukiunga umepinda haurudi. Siku tatu za kusubiri kwenu ni sehemu kubwa ya muda wa daktari. Na tuseme ukweli: mfupa uliotokeza nje ukakauka, au kiungo kilichosagika, mara nyingi hautibiki, na daktari anaweza kushauri alazwe usingizi wa mwisho. Hilo nalo ni kumsaidia.

Tuliangua nazi, kuti likaanguka na viota vya mnana. Vifaranga wawili wako hai, hawana manyoya. Tunawapa mkate uliolowekwa maziwa. – Gede

Acheni mkate na maziwa leo hii. Ndege hawezi kusaga sukari ya maziwa. Atahara, na kifaranga akihara anakauka kwa saa chache. Mkate nao hujaza koo bila kumjenga.

Warudisheni. Lile la kusema mama atawakataa kwa kunusa mkono wa mtu si kweli; atakuja kwa kusikia sauti zao. Kama kiota ni kizima, kifungeni kwa kamba kwenye kuti la jirani, mlango uelekee chini kama ulivyokuwa. Kama kimechanika, tumieni kikapu kidogo cha ukili au kifuu kilichotobolewa chini maji ya mvua yapite, mkitandike majani makavu ya kiota kile kile, mkiweke kivulini juu ya mikono ya watoto na paka. Kisha ondokeni kabisa mtazame kwa mbali kwa saa mbili. Watu wakisimama chini ya mnazi, wazazi hawashuki. Na akiwa ni kifaranga mwenye manyoya kamili, mkia mfupi, anayerukaruka ardhini na kulia, huyo hajaanguka, yuko shule: muondoeni paka, mwacheni ndege.

Wazazi wasipokuja, kazi mnayojitwika ni nzito. Wasio na manyoya hulishwa kila dakika 20 hadi 30 tangu alfajiri mpaka magharibi. Mnana mkubwa hula mbegu, lakini watoto wake huwalisha wadudu: panzi mliowatoa miguu na mabawa, kumbikumbi, mchwa. Kwa dharura, kiini cha yai lililochemshwa, kisagwe na maji kidogo kiwe kama ugali laini. Toeni vipande vidogo kuliko punje ya mchele kwa kibano butu, wafungue mdomo wenyewe. Asiyefungua mdomo ni baridi au amedhoofika. Mpasheni joto kwanza, kwani chakula kwenye mwili baridi hakisagwi, huchacha tumboni.

Vifaranga wa njiwa na tetere ni habari nyingine. Wao hawafumbui mdomo, huuingiza ndani ya mdomo wa mzazi. Chukueni chakula cha vifaranga wa kuku cha kuanzia, kikorogwe na maji ya uvuguvugu kiwe kama uji, kitiwe kwenye sirinji iliyokatwa ncha na kufungwa mpira wenye tundu, naye achovye mdomo ajinywee. Kifuko cha kooni kijae kiwe laini, kisiwe kigumu. Msimpe tena mpaka kimwagike chote tumboni.

Mtoto wa bundi ameanguka kutoka kwenye gofu la jirani. Mweupe, anapuliza kama nyoka. Wazee wanataka auawe kabla ya usiku. – Shela, Lamu

Shikamoo zetu ziwafikie wazee wa Shela, na tunawaomba wasikilize hili. Uso wenye umbo la moyo na manyoya meupe ya pamba ni wa bundi wa magofuni, yule anayeishi na watu tangu nyumba za mawe zilipojengwa. Kule kupuliza ni sauti yake ya njaa na woga. Anakula panya. Mji wenye ghala, majahazi na nafaka una kila sababu ya kumtaka.

Mrudisheni, tena leo, kwa sababu bundi wa aina hii hawezi kupanda ukuta, na wazazi wake kwa kawaida hawamlishi aliye chini. Mshikeni kwa kanga na glavu nene. Hatari yake iko miguuni, si mdomoni. Shikeni miguu yote miwili juu ya kucha. Aingizwe tunduni alikotoka kabla ya magharibi. Mkikuta wenzake wana ukubwa tofauti, ni sawa, huanguliwa kwa kupishana siku.

Tundu likiwa halifikiki, wapigieni KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Usiku huo anaweza kula panya mzima aliyekatwakatwa, pamoja na mifupa na manyoya yake, mradi awe wa mtego wa kubana. Panya wa sumu humuua bundi. Nyama tupu ya dukani siku moja haina madhara, ila akilelewa kwayo mifupa inalainika kwa kukosa chokaa.

Kwa walio karibu na Arabuko-Sokoke: mkiokota bundi mdogo wa kujaa mkononi, mwenye macho ya njano na vishungi viwili, hata kama rangi yake ni ya kijivu au ya kutu, pelekeni habari siku hiyo hiyo. Yuko bundi wa msitu huo ambaye mahali pengine duniani hapatikani ila sehemu chache mno, na kila mmoja ana thamani. Wataalamu wa A Rocha Kenya walioko Watamu wamezoea kuwashika na kuwavisha pete ndege wa eneo hili, na kwa ndege walao nyama kiko kituo cha matibabu cha Kenya Bird of Prey Trust huko Naivasha.

Kumfuga haifai. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inataka kibali, na msaada wa saa za kwanza hauwi umiliki. Toeni taarifa, muwe na picha yake na saa aliyookotwa.

Kunguru je? Yule wa shingo ya kijivu, bawa limevunjika. – Barani, Malindi

Wa shingo ya kijivu ni kunguru wa India, mgeni. Mombasa alionekana mwaka 1947, na tangu hapo amesambaa pwani yote akila mayai na vifaranga vya ndege wenyeji. Juni 2024 KWS ilitangaza mpango wa kuwapunguza milioni moja. Kwa hiyo kumtibu na kumrudisha mtaani hatushauri. Lakini kumwacha ateswe na watoto hatushauri pia: mtieni kwenye boksi, mpelekeni kwa daktari wa mifugo au KWS. Wa kifua cheupe na mwili mweusi ni mwenyeji, yeye atendewe kama ndege wengine.

Mwewe amekutwa amelala karibu na jaa la taka, makucha ameyakunja ngumi, udenda unamtoka, anatetemeka. Hana jeraha. – Ngala, Malindi

Hiyo ni sumu, na inaelekea ni ya wadudu wa shamba. Makucha yaliyofunga ngumi, udenda na mtetemeko vikikutana pamoja, usifikirie kitu kingine kwanza. Amekula mzoga au chambo kilichotiwa dawa.

Vaa glavu za mpira au mifuko ya plastiki mikononi, kwa kuwa sumu hizo hupita kwenye ngozi ya mtu pia. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya mkaa kwa nguvu. Anayetetemeka hamezi, atapaliwa. Boksi lenye hewa nyingi, giza, na mbio kwa daktari: aina hii ina dawa yake, atropini, lakini lazima ifike ndani ya saa chache. Mweleze dalili hizo tatu kwa simu kabla hujatoka, ili aiandae.

Ikiwa badala yake mwewe au bundi amelegea tu, ndani ya mdomo ni mweupe, na damu inachuruzika bila kukoma mahali padogo, hiyo ni sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Nayo inatibika, kwa vitamini K ya daktari, kwa wiki kadhaa.

Tazama jaa lote kwa makini. Mizoga mingine ya ndege, mbwa au panya isiguswe kwa mikono mitupu wala kutupwa baharini. Funika mahali hapo, zuia kuku na watoto, piga picha, na uite KWS pamoja na ofisi ya mifugo ya kaunti. Wakitaka sampuli, mzoga mmoja uwekwe ndani ya mifuko miwili, mmoja juu ya mwingine, na barafu nje yake, usichanganywe na barafu ya samaki. Iliyobaki ichomwe au izikwe kina cha mita moja, mbali na kisima.